Je, Wajua? Umri wa Gari Nao Hulipiwa Ushuru

Familia ya Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, inayotamani RAV4 au X-Trail iliyotumika Japani isitazame bei ya mnadani pekee. Tanzania hutoza ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la kutembelea lenye miaka 8 hadi 10, asilimia 30 likivuka 10, tena injini ikizidi cc 2000, ushuru wa bidhaa hupanda kutoka asilimia 5 hadi 10. Utasema gari kuukuu bado ni rahisi. Huenda, siku ya kununua. Lakini kwenye utelezi wa masika kuelekea Kasulu, kinachokuvusha si unafuu wa bei bali uvungu ulioinuka na magurudumu yote manne kuvuta (si kila RAV4 huvuta hivyo!), na shokapu zilizochoka za gari kuukuu huanza kudai fedha mapema.