Fahamu: Ufizi Utokao Damu na Maradhi ya Noma
Mama wa Luvungi, katika uwanda wa Ruzizi baina ya Bukavu na Uvira, aonaye damu mswakini mwa mwanawe asiidharau. Kwani ukoga ukikaa jinoni siku nyingi, vijidudu vyake huvimbisha ufizi, na mtoto aliyedhoofishwa na utapiamlo au surua huweza kupatwa na noma, maradhi yalayo shavu kwa siku chache, ambayo Shirika la Afya Duniani liliyatambua Desemba 2023 kuwa miongoni mwa maradhi ya kitropiki yaliyopuuzwa.

Asiyetibiwa aghalabu hufariki. Ajabu ni kwamba tiba ya mapema si ghali: amoksisilini na metronidazoli kwa amri ya tabibu, kusukutua maji ya chumvi, na chakula bora, hata ndagala wa Ziwa Tanganyika na maharagwe.