Mashine ya kupumulia na mgonjwa mahututi wa korona

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Ndugu wasikilizaji wa Nakivale, Kyaka, Kyangwali, Rwamwanja na popote mlipo. Hapa ni Lubaga, Kampala. Ni Julai 2021, bado tuko ndani ya zile siku 42 za lokidauni zilizotangazwa na Rais Museveni tarehe 18 Juni.

Kuna neno linazunguka mitaani, na najua limefika hata kwenu: "Ukiingizwa ICU umekwisha, mashine ndiyo inaua." Kwa ajili ya neno hilo mgonjwa anafichwa nyumbani, anafukizwa majani siku baada ya siku, na anafikishwa hospitali akiwa hawezi tena kusema. Mimi si daktari, lakini jambo hili linaelezeka.

Wengi wanaoambukizwa korona hupona bila kulazwa. Wanapata homa, kikohozi, kuumwa kichwa, kukosa harufu. Hatari mara nyingi huja kama wiki moja baada ya dalili kuanza, wakati familia imeshaanza kupumua. Mapafu yanavimba, vifuko vidogo vya hewa vinajaa majimaji, na oksijeni haiingii vizuri kwenye damu. Mgonjwa anahema haraka, hawezi kumaliza sentensi moja, kifua kinabana, midomo inabadilika rangi, anachanganyikiwa. Wengine hawasikii shida yoyote: mtu anaongea na simu, kumbe oksijeni imeshuka vibaya. Ndiyo sababu nesi anakubana kile kifaa kidogo kwenye kidole. Mtu mzima mwenye afya huonyesha 95 au zaidi. Chini ya 90, huo ni ugonjwa mkali.

Hospitali hawaanzi na mashine. Wanaanza na oksijeni ya puani au ya barakoa, na mara nyingi wanamlaza mgonjwa kifudifudi ili mapafu yapate nafasi. Wanampa pia deksamethasoni. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine. Kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia, kwa hiyo usiinunue dukani ukameza nyumbani.

Hayo yakishindikana, mgonjwa analazwa usingizi kwa dawa, anapitishiwa mpira kooni, na mashine inapumua kwa niaba yake. Mashine haiponyi mapafu. Inanunua muda. Katika muda huo damu inaweza kuganda kwenye mishipa, figo zinaweza kugoma, moyo ukachoka.

Sasa, wangapi wanatoka? Mwezi Mei mwaka huu ulichapishwa utafiti wa hospitali 64 katika nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwemo. Uliwafuata wagonjwa zaidi ya 3,000 waliokuwa mahututi. Ndani ya siku 30, 48 katika kila 100 walikufa. Wastani wa dunia ulikuwa kama 31 au 32. Nambari hiyo inatisha, sifichi. Lakini 52 walikuwa hai, na watafiti walisema upungufu wa vifaa na wahudumu ulichangia. Wenye kisukari, VVU, ugonjwa wa figo au ini walikuwa kwenye hatari zaidi. Hapa Uganda, hesabu iliyofanywa kabla ya korona ilikuta vitanda 55 tu vya wagonjwa mahututi nchi nzima, vingi vikiwa Kampala. Kutoka Nakivale hadi hapa ni mwendo wa saa nyingi kwa gari. Mgonjwa aliyesubiri mpaka midomo ibadilike rangi hana saa hizo. Aliyefika kituo cha afya mapema huenda akahitaji oksijeni peke yake, asifike kabisa kwenye mashine.

Na anayerudi nyumbani harudi mzima siku hiyohiyo. Miguu haina nguvu, sauti imekwaruza kwa ajili ya ule mpira, anasahau, anaota ndoto mbaya. Huenda ikachukua miezi. Mama, baba, msimwite mvivu, wala msiseme amerogwa. Mtembezeni kidogo kidogo, mpeni chakula, na mkumbusheni tarehe yake ya kurudi kliniki.

(Muziki unapanda.)