Avtar Singh: Beki Hodari wa Mpira wa Magongo

Katika michezo ya timu sifa humwendea mfungaji wa mabao. Beki hukumbukwa siku aliyokosea. Askari aliyekesha akilinda ghala anaielewa hali hiyo: kukipambazuka salama, hakuna anayeuliza ni nani aliyekuwa zamu. Kwa hiyo yafaa jamaa za askari na polisi wa Jinja na Mbale wazifahamu habari za Avtar Singh Sohal wa Kenya, ambaye kazi yake uwanjani ilikuwa ni kulinda, na ambaye kwa kulinda huko alipata heshima ya dunia.

Avtar Singh alizaliwa Nairobi tarehe 22 Machi 1938, katika jamii ya Masingasinga. Wengi wa jamii hiyo walifika Afrika Mashariki wakiwa mafundi, hasa wakati wa ujenzi wa reli kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya mwaka 1896 na 1901. Reli hiyo baadaye iliingia Uganda, ikapita Tororo, ikatoa tawi la kwenda Mbale, na mwaka 1931 ikavuka mto Nile kwa daraja la Jinja. Pamoja na nyundo na misumeno yao, watu hao walikuja na mchezo walioupenda sana, yaani mpira wa magongo. Avtar aliuchezea katika klabu ya Sikh Union ya Nairobi.

Kwa wasioufahamu, mchezo huu huchezwa na watu 11 kila upande. Mpira wake ni mdogo na mgumu, uzito wake unakaribia gramu 160, na gongo lina upande mmoja tu bapa unaoruhusiwa kuupiga. Enzi za Avtar kila kipindi kilikuwa cha dakika 35, na mbele ya kipa walisimama mabeki wawili tu. Beki alihitaji jicho kali, miguu myepesi na moyo usiotishika, maana mpira uliopigwa kwa nguvu waweza kuvunja mfupa. Zaidi ya yote alihitaji subira. Beki anayeukimbilia mpira kwa pupa huacha mlango wazi nyuma yake.

Avtar alishiriki Michezo ya Olimpiki mara nne: Roma mwaka 1960, Tokyo mwaka 1964, Mexico mwaka 1968 na Munich mwaka 1972. Katika mara tatu za mwisho alikuwa nahodha. Huko Roma Kenya ilishika nafasi ya 7, na Tokyo nafasi ya 6. Mwaka huohuo wa 1964, kabla ya kwenda Tokyo, Wakenya walizuru India na kuwafunga wenyeji wao mabao 3 kwa 0 mjini Jabalpur. India hiyohiyo ndiyo iliyotwaa medali ya dhahabu miezi michache baadaye.

Mwaka 1968 ndio ulioleta uchungu mkubwa. Kenya na Australia zilimaliza mechi za kundi zikiwa sawa, ikabidi zicheze tena ili ipatikane timu ya kuingia nusu fainali. Kenya ilishindwa, na mwishowe ikawa ya 8. Australia ilirudi kwao na medali ya fedha. Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete, lakini chanda cha Avtar hakikuvikwa pete ya Olimpiki. Hata hivyo hakulitupa gongo. Mwaka 1971 Kombe la Dunia la mchezo huo lilichezwa kwa mara ya kwanza, mjini Barcelona, na Kenya ikashika nafasi ya 4.

Huko Munich mwaka 1972 Uganda nayo ilipeleka timu ya mpira wa magongo. Mashabiki wengi wanakumbuka dhahabu ya John Akii-Bua, afisa wa polisi, aliyekimbia mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Ni wachache wanaokumbuka kuwa timu ya magongo ya Uganda ilitoka sare ya bao 1 kwa 1 na Ujerumani Magharibi, ambayo baadaye ilitwaa ubingwa. Baadhi ya wachezaji wa Uganda walikuwa wa asili ya Asia, na walicheza wakati serikali ya Idi Amin ilikuwa imekwisha kutangaza, mwezi Agosti, kuwa Waasia waondoke nchini katika siku 90. Waliwakinga Waganda wote langoni huku nyumba za jamaa zao zikifungwa. Jinja na Mbale, miji iliyokuwa na Waasia wengi, ilipoteza wafanyabiashara na mafundi, na pamoja nao wachezaji na walimu wa mchezo huo.

Munich ilikuwa Olimpiki ya mwisho kwa Avtar akiwa mchezaji. Alikuwa ameichezea nchi yake mechi 167 za kimataifa, idadi iliyoingizwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Baadaye alikuwa mkufunzi wa timu ya taifa. Lakini mchezo wenyewe ulibadilika. Mwaka 1976 huko Montreal ulichezwa juu ya nyasi bandia, zulia la gharama kubwa ambalo nchi maskini hazikuweza kulimudu kwa urahisi. Kenya ilisusia Michezo hiyo, na ile ya mwaka 1980 pia.

Wazazi wana la kujifunza hapa. Mtoto anayepangwa nyuma uwanjani asione kuwa amedharauliwa, wala asicheke mwenziwe aliyepangwa huko. Afundishwe kusimama mahali pake, kumtazama mpinzani bila pupa, na kuinuka tena baada ya kushindwa, kama alivyofanya Avtar baada ya Mexico. Mfungaji huleta shangwe ya siku moja, lakini timu hukaa salama kwa sababu ya wale wanaolinda.