Binti Anataka Muziki, Sisi Tunataka Mshahara

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, nyumba nyingi hupata furaha ya siku mbili tatu. Soda hununuliwa, simu hupigwa kijijini, bibi huambiwa. Kisha huja swali: anakwenda kusomea nini? Hapo ndipo maneno yanapoanza, na mara nyingi ni sisi akina mama tunaokaa katikati, baba upande huu na mtoto upande ule.

Nyumbani kwetu Morogoro swali hilo lilitukuta miaka miwili iliyopita. Binti yetu wa kwanza alisoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, akapata alama zilizomtosha kuomba famasia au shahada ya uuguzi. Ukoo mzima ulikwisha kumwita daktari. Yeye akatukalisha sebuleni jioni moja baada ya sala, akasema kwa upole kabisa kwamba anataka kusomea muziki. Alikuwa amekwisha kuulizia kila kitu. Shahada ya muziki inatolewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na pia Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, pale Usa River karibu na Arusha. Alitaka Makumira.

Baba yake alicheka, akidhani ni utani. Alipoona si utani alinyamaza kidogo, halafu akasema maneno ambayo wazazi wengi wangeyasema: "Kuimba unaimba bure kanisani. Iweje tulipie miaka mitatu?"

Nasi mama yake hatukuwa bora kuliko baba. Usiku ule tulisema mengi. Tulisema habari za wadogo zake wawili wanaomfuata shuleni. Tulisema habari za kiwanja chetu kimoja, ambacho kilikuwa akiba yetu ya uzeeni. Tulimkumbusha kwamba kozi za afya, uhandisi na ualimu wa sayansi zimekuwa zikipewa kipaumbele katika mikopo ya elimu ya juu, na kwamba akienda kwenye muziki huenda asipate hata shilingi, na mzigo wote utarudi kwetu. Yote hayo yalikuwa kweli. Binti alisikiliza, akatutakia usiku mwema, akaenda kulala.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hatukulisema, na tunaliandika hapa kwa sababu tunadhani halipo nyumbani kwetu tu. Sisi wauguzi wenye diploma tumepokea maagizo kwa miaka ishirini kutoka kwa madaktari vijana waliofika wodini jana. Wengine tumewaonyesha sisi jinsi ya kuupata mshipa wa mtoto mchanga, kisha sahihi ya kwenye faili ikawa yao. Hatulalamiki, ndiyo kazi ilivyo. Ila tulipomtazama binti yetu na vyeti vyake vya PCB, tulikuwa tumekwisha kumvika koti jeupe ambalo sisi hatukulivaa. Ile haikuwa hofu ya njaa. Ilikuwa hamu yetu wenyewe, nasi tulikuwa tukiiita busara. Ilituchukua wiki nzima kulikiri hilo mbele ya baba watoto, naye akakiri la kwake: alikuwa amekwisha kuwaambia wenzake kazini.

Baada ya hapo ndipo tulipoanza kulitazama jambo lenyewe.

Tukaanza na tunachokijua, yaani wodi. Katika kituo kimoja tulichowahi kufanya kazi alikuwapo muuguzi kijana aliyeletwa kwenye fani na wazazi wake kwa sababu ya ajira ya uhakika. Mwenyewe alitwambia hivyo, hakuficha. Usiku mmoja katika wodi ya wazazi mama mmoja alikuwa akimwita. Alimwita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kijana alikuwa mezani, anaandika, hakuinua kichwa. Tulipofika kitandani mtoto alikuwa amekaribia kutoka na mama analia peke yake gizani. Mungu ni mwema, wote wawili walisalimika. Tulipomkemea yule kijana hakubisha. Alisema tu kwamba kila anapoingia zamu anahesabu saa. Tangu siku ile tukisikia mzazi anasema "nampeleka kwenye afya, ataizoea tu," tunamwona yule mama kitandani. Mtoto akilazimishwa kwenye ualimu au uuguzi, hasara si yake peke yake, inamfikia mgonjwa na mwanafunzi pia.

Lakini tusidanganyane. Tumewaona pia walioingia kwa kufuata mshahara wakaipenda kazi baadaye. Tunamkumbuka kaka mmoja aliyekosa nafasi ya uhandisi akaja uuguzi kwa shingo upande. Leo watoto wadogo wakigoma kuchomwa sindano, ndiye anayeitwa. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba moyo wa mtu akiwa na miaka kumi na tisa unajua yote. Sisi wenyewe tulichagua uuguzi kwa sababu chuo kilikuwa karibu na nyumbani.

Tukaja kwenye huo mshahara. Wazazi wa rika letu tuna picha ya zamani vichwani. Tunafikiri mtu akimaliza chuo cha afya anapewa barua ya kituo cha kazi na mambo yamekwisha. Siku hizi haiko hivyo. Nafasi za serikali hutangazwa kwa mafungu, vijana huomba na kushindana, na wanaoomba ni wengi kuliko nafasi. Katika hospitali nyingi utawakuta wahitimu wanaojitolea, wamekaa mwaka au zaidi wakisubiri. Udaktari wenyewe ni miaka mitano chuoni na mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo, jumla sita. Kisha kama alisoma kwa mkopo, akipata ajira anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Afadhali mwaka 2021 serikali iliondoa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, maana ilikuwa inafanya deni likue mtu analipa. Hatusemi kwamba famasia hailipi. Tunasema kwamba tulikuwa tunailinganisha njaa ya muziki na shibe ya famasia, na zote mbili tulikuwa tumezichora kichwani bila kuuliza mtu.

Basi tukauliza. Pale mjini yuko mwalimu anayeishi kwa muziki tu, hana kazi nyingine. Tulimwomba binti akae naye wiki mbili, na mwishoni sisi wazazi tukaenda kumsikiliza. Tulitegemea atausifu muziki. Badala yake alitoa daftari.

Wasomaji wapendwa, daftari lile lilitufundisha kuliko mahubiri ya miezi. Asubuhi anafundisha katika shule ya msingi ya binafsi, siku tatu kwa wiki. Jioni anafundisha kinanda watoto wa watu majumbani. Jumamosi anapiga kwenye harusi, na katikati ya wiki anafundisha kwaya mbili, moja inalipa na nyingine inatoa chai. Kwaya zikitaka kurekodi, anaandaa muziki. Alikuwa ameandika mapato mwezi kwa mwezi. Desemba ilikuwa imejaa. Ilipofika Kwaresima ukurasa ulikuwa mweupe, maana harusi zinasimama. Januari wazazi wanalipa ada za shule na masomo ya kinanda ndiyo ya kwanza kukatwa. Mwaka mzima ukiujumlisha, haukuwa mbaya. Tusiposema kweli tutakuwa tumekosea: ulikaribia kabisa mshahara wetu wa diploma. Ila unakuja kwa mafuriko na ukame.

Tukamwuliza swali la kiuguzi: ukiugua? Akatabasamu. Alisema mwaka aliovunjika mkono ndipo alipojua kwamba hana bima ya afya, hana likizo ya ugonjwa, wala mwajiri wa kumchangia pensheni. Sasa bima anajilipia mwenyewe na nyimbo zake amezisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Akamwambia binti yetu mbele yetu kwamba anayetaka muziki ajifunze kuandika nota na kufundisha, maana kufundisha ndiko kunakolisha nyumba mwezi wa Kwaresima. Baba watoto, ambaye alikuja amekunja uso, alilichukua lile daftari akalisoma kurasa zote, akaomba na kalamu.

Haki ilitaka tufanye hivyo na upande wa pili. Kwa ruhusa ya matroni binti alikuja kusaidia kliniki ya watoto siku chache, kupanga kadi na kuwapanga akina mama kwenye foleni ya mizani. Hapo tulikuwa na tumaini la siri. Alifanya vizuri mno. Watoto waliokuwa wakilia walimtazama wakatulia, na wauguzi wenzetu wakaanza kumtania kwamba sare yake iko tayari. Jioni ya siku ya mwisho tukamwuliza anaonaje.

"Kuiweza ninaiweza, mama," akasema. "Siitaki."

Hatukulala vizuri. Ingekuwa rahisi kama angeshindwa, au kama angezimia kwa kuona damu.

Katika kikundi chetu cha akina mama kanisani tulilileta jambo hili kwa maombi, likageuka mjadala. Mama mmoja alisema wazi kwamba mapenzi ya kazi ni ya watoto wa matajiri, na sisi wengine mtoto wa kwanza ndiye anayevuta wadogo zake. Hakukosea sana, na hatukuwa na jibu la kumpa. Mwingine alimlazimisha kijana wake sheria, sasa hawazungumzi. Bibi mmoja aliyekuwa anashona pembeni akasema kwamba Daudi alipiga kinubi na kondoo wa baba yake alichunga, kwa nini tunaona ni lazima achague kimoja? Tulicheka, lakini neno lile tulikwenda nalo nyumbani. Na mchungaji alitukumbusha mfano wa Bwana katika Luka 14, wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hukaa kwanza akahesabu gharama. Hesabu si kukosa imani.

Tulikaa tukahesabu, sisi wawili na binti, kwa karatasi. Ada, hosteli, chakula, nauli ya basi ya kwenda na kurudi Arusha. Tukaandika bei ya nusu ya kiwanja. Tukaandika pia kile ambacho hakitaguswa, yaani ada za wadogo zake, ili yeye aone kwa macho yake mpaka wa fedha yetu uko wapi. Hapo tuligundua jambo lililotupunguzia hofu kuliko mengine yote. Vyeti vyake vya PCB haviozi. Akijikuta ameshindwa, anaweza kuomba diploma ya uuguzi, ambayo ni miaka mitatu, na hatakuwa mzee. Kama angekuwa ameacha sayansi kidato cha tano, mlango wa kwenda moja kwa moja kwenye shahada ya famasia au uuguzi ungekuwa umefungwa, na pengine tungeamua vingine. Ndiyo maana tunawaambia wenzetu wenye watoto wa kidato cha nne: hapo kwenye kuchagua tahasusi ndipo pa kukaa na mtoto muda mrefu, msisubiri kidato cha sita.

Tulikubaliana mambo kadhaa. Atajifunza kufundisha, si kupiga tu. Kila likizo atatafuta wanafunzi wa kinanda na kuandika mapato yake kwenye daftari. Na wadogo zake hawatamwekea hesabu ya kuwasomesha. Hili la mwisho lilikuwa gumu kwa baba yake, naye kama kifungua mimba aliwasomesha wadogo zake wanne.

Mwombaji siku hizi anaomba moja kwa moja chuoni, kwa hiyo alituma maombi kutoka kwenye simu pale sebuleni. Fomu ya mkopo ilihitaji mdhamini. Baba yake aliiacha mezani siku tatu, akawa anaizunguka kama sahani ya chakula asichokijua. Siku ya nne tulipotoka zamu ya usiku tuliikuta imetiwa sahihi, na picha yake ya pasipoti imebandikwa.

Mkopo mwaka wa kwanza haukutoka. Nusu ya kiwanja imekwenda. Hatutasema kwamba hatuuoni uzio wa jirani tukipita pale. Binti sasa amemaliza mwaka wa pili, likizo iliyopita alikuwa na wanafunzi watano wa kinanda, na daftari lake linaonyesha kwamba wawili hawakulipa. Rafiki yake aliyekwenda famasia anaendelea vizuri na anapenda masomo yake, na mama yake hutupa habari hizo kila Jumapili bila kuulizwa.

Mdogo wake wa kiume yuko kidato cha sita, amechukua EGM. Anataka uhasibu. Tulipomwuliza kwa nini, alijibu haraka kwamba unalipa. Tumemtafutia mhasibu mmoja wa hapa mjini, akakae naye mwezi wa sita mwishoni, wakati wa kufunga hesabu za mwaka.