Mbona feni ina kizimba na rafadha haina?

Feni ya mezani haiuzwi bila kizimba, ingawa ikikugusa kidole itakuachia mchubuko tu. Mashine ya boti yenye nguvu za farasi 115, ambayo rafadha yake hukata nyama na mfupa kwa pigo moja, inauzwa ikiwa wazi. Imekuwa ikiuzwa hivyo tangu mashine za kufunga nyuma ya boti zilipoingia sokoni, zaidi ya karne moja iliyopita. Kwa nini? Swali hilo limewapeleka Wamarekani mahakamani kwa miongo kadhaa, na sisi wa pwani ya huku, ambao kila asubuhi tunawarusha wageni majini karibu na mashine zinazonguruma, bado hatujaliuliza kwa sauti.

Kikosi cha Walinzi wa Pwani cha Marekani kina hesabu ambayo hupenda kuwakumbusha wenye boti. Rafadha ya mbawa tatu inayozunguka mara 3,200 kwa dakika hupiga mara 160 kwa sekunde moja. Inaweza kumpitia mtu mzima kutoka utosini hadi unyayoni kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde. Huo si muda wa kupiga kelele, sembuse kuogelea pembeni. Majeraha yake daktari huyatambua bila kusimuliwa: mikato mirefu iliyopangana sambamba, kila mmoja kwa nafasi ileile kutoka kwa mwenzake. Anayenusurika kufa kwa kutokwa damu hukabiliwa na vijidudu vya majini vilivyoingia ndani ya kidonda, na si wachache wanaorudi nyumbani wakiwa na mguu mmoja. Marekani peke yake huandikisha ajali za namna hii zaidi ya 100 kwa mwaka.

Kesi iliyoufikisha mjadala huu mbali ilianzia katika ziwa la Dale Hollow, mpakani mwa majimbo ya Kentucky na Tennessee, Julai 1995. Mwanamke alianguka kutoka kwenye boti, rafadha ikampitia, akafariki dunia. Mumewe, Sprietsma, akaishtaki Mercury Marine, watengenezaji wa mashine hiyo, katika mahakama za jimbo la Illinois. Madai yake yalikuwa mepesi kueleweka: mashine isiyo na kinga ya rafadha ni mashine yenye kasoro tangu ilipochorwa.

Hoja iliyotangulizwa na kampuni haikuhusu rafadha hata kidogo. Ilihusu mamlaka. Sheria ya Shirikisho ya Usalama wa Boti ya mwaka 1971, kampuni ilisema, inaipa serikali kuu kazi ya kuamua boti zifungwe nini. Serikali kuu ilikwishaliangalia suala la kinga mwaka 1990 na kuamua kutolilazimisha. Basi hakuna mahakama ya jimbo yenye haki ya kuiadhibu kampuni kwa jambo ambalo serikali yenyewe haikulitaka. Mahakama za Illinois zikaikubali hoja hiyo kutoka ngazi ya chini hadi ya juu, na mjane yule akashindwa mara tatu mfululizo kabla hata hajaulizwa rafadha ilimfanya nini mkewe.

Tarehe 3 Desemba 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaipindua hukumu hiyo. Majaji wote tisa walikuwa upande mmoja, na uamuzi uliandikwa na Jaji John Paul Stevens. Kiini chake ni kwamba kuamua kutotunga kanuni ni jambo moja, na kuamua kwamba kanuni hiyo isiwepo popote ni jambo jingine. Serikali iliponyamaza haikuwa imempa mtengenezaji kinga ya mahakamani. Tangu hapo, Sprietsma dhidi ya Mercury Marine ni kesi ambayo kila wakili wa majeruhi wa boti nchini humo huanza nayo.

Lakini kilichonishughulisha mimi ni huo uamuzi wa 1990, kwa sababu ndani yake ndimo ulimo ubishi wote. Kikosi cha Walinzi wa Pwani kilikuwa kimelitaka Baraza la Taifa la Ushauri wa Usalama wa Boti lichunguze kinga za rafadha. Kamati yake ndogo ikaleta ripoti Novemba 1989: serikali isichukue hatua. Kikosi kikakubali, kikataja sababu zake. Takwimu za ajali hazikutosha kuhalalisha kanuni ya lazima. Kuzifunga kinga boti zilizokwisha kuuzwa kungekuwa gharama kubwa. Na hakuna kinga moja inayofaa kila boti na kila mashine.

Sababu hiyo ya mwisho ndiyo ya kuiangalia kwa jicho kali. Ni kweli haipo kinga ya kila boti. Kwani ipo nanga ya kila chombo? Anayedai dawa moja ya magonjwa yote hatoki dukani na dawa yoyote, na kwa miaka zaidi ya thelathini ndivyo mjadala ulivyokwenda: kila kinga iliyoletwa ilipimwa kwenye boti ambayo haikukusudiwa, ikaonekana haifai, ukurasa ukafungwa.

Hata hivyo makampuni yasitukanwe bure. Hoja zao za kiufundi zina uzito. Boti inayokata maji kwa mwendo mkali hupambana na ukinzani unaoongezeka mara nne kila mwendo unapoongezeka mara mbili. Funga pete au kizimba kuzunguka rafadha, na mashine itakunywa mafuta zaidi, itapoteza kasi na usukani utakuwa mzito, jambo ambalo lenyewe linaweza kuleta ajali. Kisha kuna suala la kipigo. Boti ikiwa mwendoni, mtu aliye majini anagongwa na sehemu nzima ya chini ya mashine, si na mbawa peke yake. Kizimba kinaipanua sehemu hiyo. Badala ya kukatwa, kichwa kinapondwa. Na mkono au mguu unaweza kupenya kwenye tundu la kizimba ukanaswa humo.

Ushahidi wa suala hilo la kipigo umo hata kwa wanyama. Huko Florida, watafiti huwatambua manatii mmoja mmoja kwa makovu ya rafadha yaliyo mgongoni, kila mnyama na makovu yake. Manatii ni jamaa wa karibu wa nguva wetu wa Kilwa na Mafia. Lakini wengi katika wanaouawa na boti hawafi kwa kukatwa. Wanakufa kwa kugongwa na boti yenyewe. Kwa hao kizimba kisingesaidia kitu. Kilichowafaa ni vibao vya kupunguza mwendo kwenye maji wanamoishi. Vivyo hivyo mwimbaji wa Uingereza Kirsty MacColl, aliyeuawa na boti ya mwendo kasi akizamia pamoja na wanawe huko Cozumel, Mexico, Desemba 2000. Eneo lile lilikuwa limetengwa kwa wazamiaji, na boti za kasi hazikutakiwa kuwamo. Mfanyakazi aliyesema ndiye aliyekuwa usukani alihukumiwa kifungo, kisha akaruhusiwa kulipa faini isiyofika dola 100 badala ya kukaa jela. Kasi ndiyo iliyoua pale, na uzembe wa kusimamia sheria.

Sasa zipange hoja hizo zote juu ya meza uzitazame. Ukinzani, usukani, kipigo: kila moja inahusu mwendo mkali. Hakuna hata moja inayosimama boti ikiwa inakwenda polepole, inarudi nyuma, au imeng'ang'ania mahali pamoja huku watu wakipanda na kushuka. Katika mwendo huo mdogo mambo hugeuka. Mjerumani Ludwig Kort aliipa jina pete inayozunguka rafadha katika miaka ya 1930, na hadi leo tagi za bandarini hufungwa pete za Kort kwa sababu zinaongeza nguvu ya kusukuma chombo kikiwa kwenye mwendo wa chini. Australia, waokoaji wa fukweni hutumia boti za mpira zinazoingia katikati ya waogeleaji na mawimbi yanayovunjika, na rafadha zao zimewekewa kinga. Hao si watu wa kucheza na mashine isiyotii usukani.

Na ajali ya mwendo mdogo si ya kufikirika. Mwaka 2005 katika ziwa Austin, Texas, kijana aliruka majini kuchukua kamba ya mchezo wa kuteleza kwenye maji. Dereva akarudisha boti nyuma bila kujua alipo. Rafadha ikampata mguuni. Mwaka 2010 jopo la raia waamuzi lilikadiria hasara yake kuwa dola milioni 3.8, likawatwisha watengenezaji asilimia 66 ya lawama, na zilizobaki likazigawa kwa dereva na kijana mwenyewe. Mgawanyo huo naukubali. Dereva alikosea, aliyeruka alikosea, lakini mtu anayechora mashine anajua tangu siku ya kwanza kwamba watu wa namna hiyo ndio watakaoitumia.

Ukitaka kuiona boti iliyo katika hali hiyohiyo kila siku ya Mungu, huhitaji kwenda Texas. Nenda Kizimkazi, kusini mwa Unguja, asubuhi ya msimu wa wageni. Boti zinatoka kutafuta pomboo, na kundi likionekana zinalizunguka pande zote. Nahodha amekaa nyuma kabisa, mkono mmoja kwenye mkono wa mashine, macho yake yako mbele kwa pomboo. "Ruka! Ruka sasa!" Wageni wanaruka na miwani yao na mapezi ya plastiki, wengine hawajui kuogelea vizuri. Pomboo wanazama, wanaibukia mita hamsini mbele, na boti zinageuka kuwafuata huku vichwa vya watu vikielea katikati yake. Kisha unafika wakati wa kuwaokota. Boti inarudi kinyumenyume, ngazi imening'inizwa nyuma, hatua moja kutoka kwenye mashine ambayo imewekwa nyutro tu. Nyutro si kuzima. Rafadha inaweza kuendelea kuzunguka hata gia ikiwa imetolewa, na kiwiko cha mtu anayeyumba kinaweza kuirudisha gia. Kutoka hapo hadi hospitali kubwa ya mjini ni zaidi ya kilomita 50 za barabara.

Kisiwani Mafia, kati ya Oktoba na Machi, wageni huogelea na papa potwe karibu na Kilindoni, samaki mkubwa mpole anayekula karibu kabisa na uso wa maji. Hapo rafadha moja ina watu wa kuwaumiza na samaki pia. Boti hizi hazishindani mbio. Zikiwa kazini zinakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Zile hoja za mwendo mkali hazizihusu.

Nahodha ataniambia kizimba kitashika mwani, nyavu chakavu na mifuko. Kweli, kitashika, na itabidi akisafishe. Ataniambia kitakula mafuta akienda na kurudi. Kweli pia, na hapo pana jambo la kuzungumza kati yake na mwenye boti, na kati ya mwenye boti na wakala anayemletea wageni. Safari ya namna hii huuzwa kwa dola, na gharama ya pete ya rafadha ikigawanywa kwa wageni wa msimu mmoja haiwezi kuwa ya kumfilisi mtu.

Kuna kifaa kingine ambacho hakina ubishi wowote, na tayari tunacho. Ni ile kamba nyekundu iliyojiviringa, upande mmoja umechomekwa kwenye mashine, upande wa pili unatakiwa ufungwe kwenye kifundo cha mkono au paja la nahodha. Akianguka, kamba inachomoka, mashine inazimika. Mei 2013, katika mlango wa mto Camel huko Cornwall, Uingereza, familia ya watu sita ilirushwa majini kutoka kwenye boti yao. Kamba haikuwa imefungwa kwa aliyeshika usukani. Boti ikabaki inazunguka bila mtu, ikawarudia. Baba na binti yake wa miaka minane wakafa. Tangu tarehe 1 Aprili 2021 sheria ya Marekani inawataka madereva wa boti zilizo chini ya futi 26, zenye mashine ya nguvu za farasi 3 au zaidi, kutumia kifaa cha kuzimia mashine zinapokwenda kwa kasi. Kwetu huku kamba hiyo utaiona imefungwa kwenye mashine yenyewe, ikiwa haijapotea na nafasi yake kuchukuliwa na kipande cha uzi wa nailoni. Imebaki pambo.

Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar na Shirika la Wakala wa Meli Tanzania (TASAC) upande wa Bara hawana haja ya kungoja Wamarekani wamalize kesi zao. Boti inayoomba leseni ya kuwashusha watu majini, iwe kwa pomboo, papa potwe au matumbawe, ipewe masharti matatu: kinga ya rafadha, kamba iliyofungwa mwilini mwa nahodha, na mashine kuzimwa kabisa kabla ya mtu wa kwanza kuruka na hadi wa mwisho atakapokuwa amepanda. Boti za mwendo kasi zinazovuka kwenda Pemba ziachwe na ubishi wake wa kiufundi. Na wewe msomaji, ukipanda boti wikiendi hii na nahodha akakwambia uruke, mwombe kwanza azime mashine. Akikataa, baki umekaa.