Jihadhari na mng'aro wa dashibodi ya gari lako

Mwanamume mmoja wa makamo alikuja kwenye kliniki yangu akilalamika kwamba macho yalimwasha na kichwa kilimgonga kila asubuhi afikapo kazini. Alikuwa amekwisha kumeza dawa za malaria bila kupimwa damu, na sasa alidhani kwamba labda anahitaji miwani.

Nilipomdadisi zaidi, alinieleza jambo lililomtia hofu kuliko maumivu yenyewe. Wiki iliyotangulia, akielekea mjini huku jua likimkabili, hakumwona kabisa mama aliyekuwa akivuka barabara na mtoto mgongoni. Alifunga breki zikiwa zimesalia hatua chache tu.

"Daktari, ilikuwa kana kwamba kioo kimewekwa pazia," aliniambia.

Damu yake haikuwa na malaria na shinikizo la damu lilikuwa sawa. Nilimwomba tutoke nje nikalitazame gari lake. Dashibodi ilikuwa iking'aa kama sahani iliyopakwa mafuta, na mlango ulipofunguliwa tulipokewa na harufu kali. Kila Jumamosi yeye hulipeleka gari kuoshwa, na vijana humalizia kwa kulipaka polishi ndani.

"Lisipong'aa nahisi halijaoshwa," alisema.

Wengi wetu tuna fikira hiyo, na mimi mwenyewe nilikuwa nayo kwa miaka mingi. Lakini kung'aa si usafi. Usafi ni kuondoa vumbi na uchafu, ilhali mng'aro ni mafuta yaliyoachwa juu ya plastiki. Mafuta hayo yasipochaguliwa vyema yanaweza kuleta madhara kwa macho, kifua na hata maisha.

Pazia machoni

Dashibodi iliyopakwa polishi ya kung'aa hurudisha mwanga wa jua juu kwenye kioo cha mbele, nacho kioo huuelekeza machoni mwa dereva. Mwanga huo hutanda mbele ya kile unachotaka kukiona, hasa mtu aliyevaa nguo nyeusi au aliye kivulini. Macho hukazwa ili yaone, na baada ya safari ndefu huchoka na kichwa huanza kuuma.

Hatari ni kubwa zaidi jua linapokuwa chini. Wakazi wa Kikuyu na sehemu nyingine za magharibi mwa Nairobi hukabiliwa nalo mara mbili kwa siku, asubuhi wakija mjini na jioni wakirudi nyumbani.

Umri nao una sehemu yake. Kadiri tunavyozeeka, lenzi ya jicho hupoteza uangavu wake na mwanga unaoingia hutawanyika. Aliye na mtoto wa jicho, hata akiwa mchanga, hutatizika zaidi.

Harufu na kifua

Kwa jumla polishi hizi ni za aina mbili. Zipo zilizotengenezwa kwa maji, ambazo aghalabu hufanana na maziwa na hukauka upesi. Nyingine zimetengenezwa kwa viyeyushi vitokanavyo na petroli. Hizi huwa na harufu kali na huacha utelezi.

Viyeyushi hugeuka mvuke, na joto huharakisha jambo hilo. Hata siku ambayo joto la nje ni nyuzi 25 tu, ndani ya gari lililofungwa na kuachwa juani joto laweza kupita nyuzi 40 kabla ya saa moja kwisha. Anayeingia na kufunga madirisha huvuta mvuke uliokusanyika humo. Anaweza kuumwa na kichwa, kuhisi kizunguzungu na kichefuchefu, au kuwashwa na macho na koo. Kwa mtoto mwenye pumu, harufu kama hiyo inaweza kuanzisha kikohozi na kubanwa na kifua akiwa njiani kuelekea shuleni.

Dalili zikitulia upatapo hewa safi, lishuku gari. Lakini usikimbilie kulaumu polishi peke yake. Moshi wa injini unaovuja na kuingia ndani una gesi ya sumu isiyo na harufu, nayo pia huleta maumivu ya kichwa na inaweza kuua. Mwambie fundi akague bomba la moshi. Na maumivu ya kichwa yanayoandamana na homa, kutapika au shingo kukakamaa yanahitaji daktari mara moja.

Chagua ipi?

Ninawashauri wagonjwa wangu wachague polishi ya maji, isiyo na harufu kali, inayoacha dashibodi ikiwa kavu na isiyong'aa, kama ilivyotoka kiwandani. Ukipenda mng'aro kidogo, uweke kwenye plastiki za chini za milango, mbali na kioo cha mbele.

Usipake kitu cho chote kwenye usukani, pedali, mpini wa gia wala mazulia ya mpira. Mguu ukiteleza kwenye breki hakuna daktari atakayeurudisha wakati nyuma. Viti vya plastiki vilivyopakwa mafuta huteleza pia, na abiria hashikiliwi vyema na kiti breki zifungwapo ghafla.

Mwambie kijana anayekuoshea atie polishi kwenye kitambaa, si kuinyunyiza hewani, na milango yote iwe wazi. Yeye ndiye anayeivuta siku nzima, hivyo madirisha wazi na glavu ni kinga yake pia. Kisha apanguse kwa kitambaa kikavu, na kioo cha mbele kisafishwe upande wa ndani. Mkebe wa kunyunyizia usiachwe garini, kwa kuwa unaweza kupasuka kwa joto.

Kuna njia rahisi ya kujipima. Egesha gari likielekea jua, kaa kwenye kiti cha dereva na utazame kioo cha mbele. Ukiiona dashibodi yako kwenye kioo, mng'aro umezidi. Pitisha kidole, kikiteleza, pangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji vuguvugu yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, kisha ukaushe.

Chupa ya soda

Jambo la mwisho linahusu nyumba zetu. Wapo wanaonunua polishi ya kupimiwa na kuitia katika chupa ya soda. Mtoto hajui tofauti. Akinywa ile ya petroli, hatari kubwa ni kuingia mapafuni na kuleta nimonia. Kwa hivyo usimlazimishe kutapika, wala usimpe maziwa kwa nia ya kumtapisha. Mvue nguo zilizolowa, mpeleke hospitali upesi na ubebe chupa hiyo, hata kama anaonekana mzima.

Mgonjwa wangu aliipangusa dashibodi yote na kuendesha madirisha yakiwa wazi kwa siku kadhaa. Baada ya majuma mawili alirudi kuniarifu kwamba kichwa kimetulia na barabara anaiona vizuri. Hata hivyo nilimtuma kupimwa macho, kwani aliyepita miaka 40 na anayeendesha gari kila siku hapaswi kungoja hadi amkose mtu barabarani.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Jumamosi hii ukilipeleka gari lako kuoshwa, mwambie kijana: safisha, lakini usiling'arishe.