Utatuzi wa Hitilafu za Makro za Kuhamia Lahakazi: Mfano wa Kumbukumbu za Kakao, Kata ya Ndandalo

Katika Wilaya ya Kyela, kakao hukusanywa na kuuzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi vya ushirika; hivyo malipo ya mkulima hutegemea usahihi wa kilo zilizoandikwa. Chukulia faili la Excel lenye lahakazi moja kwa kila kituo cha kukusanyia, ya Ndandalo ikiwa ya tatu, pamoja na vitufe vya makro vya kuhamia kila lahakazi.

Hitilafu nyingi za makro hizo hutokana na namna lahakazi inavyotajwa. Ikitajwa kwa jina la kichupo, nafasi tupu iliyoongezwa mwishoni mwa neno “Ndandalo” hutosha kuleta kosa namba 9, yaani jina lililotajwa halikupatikana. Lahakazi ikiwa imefichwa, amri ya Select hutoa kosa namba 1004, nayo hutatuliwa kwa kuifichua kwanza. Makosa haya husimamisha kazi, hivyo hugundulika mapema.

Hatari kubwa zaidi imo katika makro inayotaja lahakazi kwa nafasi yake. Kichupo kipya kikiingizwa mbele, lahakazi ya tatu si ya Ndandalo tena. Makro huendelea bila onyo, na kilo za mkulima huandikwa katika kituo kingine. Suluhisho ni kutumia jina la ndani la lahakazi, ambalo halibadiliki kichupo kinapohamishwa au kupewa jina jipya. Kwa hiyo, ukaguzi wa makro uanze na namna ya utajaji, hata pale ambapo hakuna kosa lililojitokeza.